Swali la Kumi na Saba

Shangazi yangu, dada wa pekee wa baba, amekaa miaka kumi na tisa katika kitengo cha madai cha kampuni moja ya bima. Kazi yake ni kusoma barua za watu wanaoeleza yaliyowapata, kisha kutenganisha walichosema na walichotaka kieleweke. Mtu anaandika kwamba ukuta ulimtokea ghafla mbele ya gari. Mwingine anaandika kwamba mwizi alivunja mlango, na kwa kuwa mlango umevunjika, basi televisheni ilikuwemo ndani. Shangazi husoma penseli mkononi, hupiga mstari chini ya sentensi, na pembeni huandika maneno mawili kwa herufi ndogo: kwa hiyo? Wenzake ofisini walimbandika jina la Bi Kwa Hiyo, naye hakulikataa. Alisema ni jina la kikazi, bora kuliko ya wenzake ambayo hangeweza kuyataja mbele ya watoto.

Mkuu wa kitengo chao alikuwa mtu mwenye tai nyingi na shahada ya uzamili ya biashara, aliyeletwa kutoka nje bila kuwahi kufungua faili la madai hata moja. Alipenda sana neno mkakati. Siku moja alitia saini dai la lori lililoungua, na shangazi akalirudisha mezani kwake akimwonyesha kwa ncha ya penseli kwamba lori liliungua Jumanne na bima ilikatwa Alhamisi. Yule bwana aliangalia tarehe zile, akasema ndiyo maana anasisitiza kazi ya pamoja. Mwaka uliofuata akapandishwa cheo, akahamia makao makuu, na nafasi yake ikatangazwa kwenye ubao wa korido. Sharti la kwanza lilikuwa mwombaji awe na shahada kama yake, au awe ameshapata nafasi ya kuisomea.

Shahada ya kwanza shangazi alikuwa nayo. Ya pili hakuwahi kuona haja yake, na hata siku ile hakuiona. Alichoona ni kwamba asipoitafuta ataletewa mtu mwingine wa tai, na kwamba hana tena moyo wa kumfundisha bosi wake kusoma kalenda. Akaenda chuo cha biashara kuchukua fomu. Huko akaambiwa kuna mtihani wa kujiunga, na kwamba sehemu inayowaangusha watu wengi ni ile ya ufahamu na kupima hoja: unapewa aya fupi na madai matano, useme lipi linaijenga hoja, lipi linaibomoa, na lipi limefichwa ndani yake bila kutajwa.

Alipita kwetu akitoka huko, nikamwamkia, akanipa fomu niisome. Mimi ni karani wa mapokezi kwenye hospitali ya macho. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na nilikuwa nimechoka kuwaambia watu wasisugue jicho, kwa hiyo nami nikajaza fomu. Nilimwambia yeye hahitaji kujiandaa, maana ameufanya mtihani huo kila siku ya kazi tangu mimi niko shule ya msingi. Akasema kufanya kitu ni jambo moja na kupimwa ni jingine, tena na watu usiowajua. Hivyo tukajiandikisha wote wawili kwa Profesa.

Profesa hakuwa profesa. Alikuwa amefanya mtihani ule mara mbili, mara ya pili akafaulu vizuri sana, kisha akaamua kwamba kufaulu kwenyewe ni kazi ya kutosha na hakwenda chuo. Alipanga chumba juu ya duka la magodoro. Ngazi na ukumbi vilinuka sponji mpya, na kila Jumamosi saa tatu asubuhi watu wazima ishirini na kitu walibanana kwenye viti vya plastiki, wahasibu, wafamasia, meneja mmoja wa tawi la benki, wote wakiwa na kalamu nne nne kama wanaokwenda vitani. Ubao mweupe ulikuwa umegoma kufutika, kwa hiyo mishale myekundu ya wiki zilizopita ilibaki chini ya mishale mipya, na ukitazama kwa mbali ungedhani ni ramani ya mabomba ya maji.

Somo la kwanza lilikuwa kwamba aya haisomwi. Profesa alieleza kwa upole, kama daktari anayemtuliza mgonjwa, kwamba anayesoma aya anapoteza sekunde arobaini. Mtu mwenye akili anaruka moja kwa moja kwenye majibu. Jibu lenye neno "kamwe" linafutwa. Lenye "wote" linafutwa. Refu kuliko mengine linawekewa alama ya kuuliza. Likibaki moja linaloonekana sahihi mno, hilo ndilo mtego, kwa sababu watunga mtihani si wajinga wa kukuwekea jibu wazi. Watu waliandika hayo kwa mwandiko mzuri. Mimi niliyapigia mistari kwa rangi mbili. Shangazi aliandika sentensi moja tu kwenye daftari lake, nami nikachungulia: "Asiyesoma aya amejibu nini?"

Wiki ya tatu tulipewa kitabu cha mazoezi, nakala ya fotokopi iliyobanwa kwa pini tatu, yenye jaribio kuu la maswali arobaini. Profesa alituambia tulifanye nyumbani, tujisahihishie kwa orodha ya majibu iliyo ukurasa wa mwisho, kisha tuje naye atufafanulie. Alitupa na tahadhari moja. Kwa miaka mitatu ya kufundisha, alisema, amegundua kwamba wanafunzi wake wote huanza vizuri na huanguka kuanzia swali la kumi na saba. Ni suala la ubongo. Sukari inashuka, umakini unakatika. Dawa yake ni kusimama mtu anapofika swali hilo, kufumba macho, kuvuta pumzi kwa pua na kuitoa kwa mdomo mara tano. Akatufanyisha zoezi hapo hapo. Watu wazima ishirini na kitu tukafumba macho juu ya duka la magodoro, tukapumua. Nilifumbua jicho moja nikamwona shangazi amekaa macho wazi, mikono mapajani, anatutazama mmoja mmoja kama mtu aliyeingia msiba asioujua.

Nyumbani nilipata kumi na tatu katika maswali kumi na sita ya mwanzo. Kuanzia la kumi na saba nilianguka kama Profesa alivyotabiri, na niseme ukweli, nilifurahi. Ilinithibitishia kwamba mwalimu anajua kazi yake. Jumamosi akafafanua. Alichukua swali la ishirini na mbili, ambalo wote tulikosa kwa namna moja, akatuonyesha jinsi jibu sahihi lilivyojificha ndani ya neno "hata hivyo". Alizunguka, akachora mishale, akapiga ubao kwa kidole, mpaka lile jibu lililokuwa halina kichwa wala miguu likaanza kupendeza. Meneja wa benki alitikisa kichwa taratibu na kusema sasa ameona. Nami nikatikisa. Sikuwa nimeona chochote, ila sikutaka kuwa wa mwisho kuona.

Shangazi alinyoosha mkono. Akasema yeye amepata maswali yote kumi na sita ya mwanzo, na katika yaliyobaki amepata manne, na hakupumua popote. Akauliza kama kuna ugonjwa wa kumfanya mtu kuwa mwerevu hadi mstari fulani kisha mjinga ghafla. Darasa likacheka. Profesa akacheka nalo, akamwambia kwa sauti laini:

"Mama, umri nao una sehemu yake. Usijilaumu."

Shangazi akafunga daftari lake. Namjua. Akilifunga namna ile, kuna mtu anatafutiwa faili.

Jumapili alinipigia simu niende kwake na kitabu changu. Nilimkuta mezani, amekata ukurasa wa majibu kwa mkasi, ameutandaza kando ya karatasi yake. Aliniuliza swali la arobaini jibu lake ni lipi. Nikatazama orodha. Iliishia thelathini na tisa. Nikamwambia Profesa alishatueleza kwamba swali la mwisho limeachwa kwa makusudi ili mwanafunzi ajipime mwenyewe.

"Alieleza," akasema shangazi. "Huyo mtu hana kitu asichoweza kukieleza. Hilo ndilo tatizo lake."

Kisha akateremsha ule ukurasa wa majibu mstari mmoja. Jibu lililokuwa kando ya swali la kumi na saba likakaa kando ya la kumi na nane, la kumi na nane likakaa kando ya la kumi na tisa, na hivyo hivyo hadi la thelathini na tisa likaangukia la arobaini. Akasahihisha upya karatasi yake mbele yangu. Katika maswali ishirini na matatu alipata ishirini na mawili. Tukasahihisha yangu, nikapanda kutoka matano hadi kumi na saba. Aliyepiga chapa orodha ile aliruka jibu moja, basi. Shangazi anaona kitu hicho ofisini kila mwezi: mstari unaruka kwenye jedwali, na mwenye pikipiki anaandikiwa amevunjikiwa basi dogo. Kwa miaka mitatu Profesa alikuwa na orodha ya uongo mkononi, na kwa miaka mitatu alikuwa ameifafanua, swali kwa swali, kwa mishale. Hakuna hata mmoja wetu aliyeacha kuelewa.

Nilitaka ampigie simu amweleze kwa siri. Alikataa. Akasema akimpelekea orodha, Profesa ataiangalia, atasema ni kosa la mpiga chapa, atairekebisha, na Jumamosi atafafanua majibu mapya kwa ufasaha ule ule. Ugonjwa hauko kwenye orodha.

Jumamosi iliyofuata aliingia na karatasi moja iliyopigwa chapa vizuri. Alimwomba Profesa msaada kwa heshima zote. Akasema amepata swali mahali, na jibu lake limeandikwa kuwa D, naye kichwa chake cha uzee kimeshindwa kuona kwa nini. Profesa alifurahi kweli. Aliinakili karatasi ubaoni kwa mkono wake. Aya ilisema kwamba katika mji mmoja magari mekundu hupata ajali nyingi kuliko magari ya rangi nyingine yoyote, kwa hiyo rangi nyekundu husababisha ajali. Swali: lipi kati ya haya linaidhoofisha hoja hiyo? Jibu A lilisema kwamba magari mengi ya mji ule ni mekundu. Jibu D lilisema kwamba wenye magari ya bluu huyaosha mara moja kwa wiki.

Hata mimi niliyekuwa nimekula mishale ya wiki tano niliona ni A. Profesa hakuitazama A hata nusu dakika. Alisema inang'aa mno, ni chambo. Akaihamia D. Kuosha gari, alieleza, ni dalili ya kujali. Anayejali gari huendesha kwa uangalifu. Kwa hiyo usalama wa magari ya bluu unatokana na tabia ya mwenye gari wala si rangi, na ikiwa rangi ya bluu haileti usalama, basi nyekundu nayo haiwezi kuleta ajali. Alichora mshale kutoka bluu hadi nyekundu, akauzungushia duara. Ilimchukua kama dakika kumi. Wafamasia wawili walinakili duara. Meneja wa benki akasema hapo ndipo penye utamu wa mtihani huu.

"Asante, Mwalimu," akasema shangazi. "Swali nimelitunga mwenyewe juzi. Hiyo D niliichagua kwa kufumba macho na kudondosha penseli."

Chini tukasikia mtu akipiga godoro kofi kumwonyesha mteja ugumu wake. Shangazi akasimama, akaeleza habari ya mstari ulioruka, kwa maneno machache, akamwonyesha kila mtu kwenye kitabu chake. Alidhani watashukuru. Hapo ndipo naye alipokosea hesabu zake, na alikuja kulikiri baadaye. Watu walifungua kitabu, wakaona, wakafunga. Mhasibu mmoja aliuliza kwa nini amewapotezea muda wakati mtihani umebaki wiki mbili. Meneja wa benki alisema yeye binafsi alikuwa na mashaka tangu mwanzo. Shangazi akamgeukia akamwomba, kama hatojali, amweleze swali la ishirini na mbili, lile aliloliona, kwa jibu jipya. Meneja akasema si mahali pake kumwingilia mwalimu.

Profesa mwenyewe alikuwa ameshika kifuniko cha kalamu, anakifunga na kukifungua. Nilifikiri ataomba radhi, na ninaamini kwa kitambo kidogo alikuwa karibu. Kisha akapata njia. Alisema mama amelitendea darasa jambo kubwa, kwa sababu leo wote wamejionea ujuzi wa juu kabisa katika mtihani huu, yaani uwezo wa kutetea jibu lolote. Mtu wa nyuma akapiga makofi. Wengine wakafuata. Shangazi akachukua daftari lake, akanigusa bega, tukashuka. Nyuma yetu wakaendelea na swali la ishirini na tatu.

Wiki mbili zilizobaki tulifanya mazoezi kwake, asubuhi kabla ya kazi. Hakuwa na kitabu. Alikuwa na nakala za barua za madai za zamani, majina yamefutwa kwa wino mweusi. Nilisoma sentensi moja, akaniuliza inasema nini. Nikimweleza, aliniuliza hilo nililoongeza nimelitoa wapi. Mtu kaandika kwamba alipofika mlango ulikuwa wazi. Mimi nikasema mwizi aliuacha wazi. Shangazi akaniuliza mwizi ametajwa na nani. Siku ya kwanza nilitoka pale na machozi ya hasira, nikaenda kazini nikamkaripia mzee wa watu aliyesahau kadi. Lakini siku ya nne au ya tano kitu kikakaa. Nilianza kusikia watu wakiongeza chumvi, pale dirishani kwangu, kwenye redio, na zaidi ya yote mdomoni mwangu mwenyewe. Si raha. Unagundua umeishi miaka ishirini na saba kwa kukisia.

Udhaifu wake ulikuwa muda. Alisoma kila neno, na dakika hamsini hazikumtosha kwa maswali arobaini. Hapo mimi nilimsaidia, nikakaa na saa ya simu, nikimnyang'anya karatasi dakika ikifika. Alichukia. Alisema madai ya watu hayasomwi kwa firimbi. Nikamwambia haya si madai ya watu, ni maswali ya watu wasio na kazi. Akacheka, akaongeza kasi.

Siku ya mtihani tulikaa kwenye ukumbi wa kompyuta, safu tofauti. Niliwatambua wenzetu wa Profesa bila kugeuka sana, kwa sababu tulipofika katikati ya mtihani nilisikia pumzi ndefu zikitoka huku na huku. Na mimi, pamoja na yote niliyoyaona kwa macho yangu, nilipofika swali la kumi na saba mkono ulisita wenyewe. Nilipoteza kama nusu dakika nikijitukana.

Matokeo yalitoka baada ya wiki tatu. Shangazi aliacha maswali matatu bila kuyagusa na akapata karibu yote aliyoyagusa. Alipita kwa nafasi kubwa. Mimi nilikosa kwa alama chache. Meneja wa benki alifaulu, na sina maelezo ya hilo, na shangazi kanikataza kuyatafuta.

Barua ya chuo aliipeleka kwa ofisa utumishi, akawasilisha maombi ya ukuu wa kitengo. Alihojiwa na watu watatu, mmoja akiwa yule bwana wa tai aliyeshuka kutoka makao makuu kwa ajili hiyo. Alimuuliza ana mkakati gani. Shangazi akasema kila dai lisomwe na mtu mmoja kabla ya kutiwa saini na mwingine, na wote wawili wawe wanajua kusoma. Alidhani amejimaliza. Walimpa. Nadhani walimpa kwa sababu hakuna mwingine aliyeomba mwenye barua ya chuo, na yeye anadhani hivyo pia, na hajifanyi vingine.

Miezi michache baadaye nilipita barabara ya duka la magodoro nikaona bango jipya juu ya ngazi. Lilikuwa na picha tano za waliofaulu, ya tatu ikiwa ya shangazi, ile aliyoibandika kwenye fomu yetu ya kujiandikisha, chini yake alama zake na maneno "zao la Profesa". Nilimpigia nikiwa nimesimama pale pale. Alitaka kujua kama alama wameziandika sawasawa. Nikamwambia ndiyo. Alimwandikia Profesa barua ya mistari miwili kumtaka aiondoe picha. Jibu lilikuja kwa adabu: mama alihudhuria, mama alifaulu, kuna ubaya gani kusema yote mawili? Shangazi alilisoma, akaniambia kwa mara ya kwanza yule mtu ameandika kitu ambacho kila sentensi yake ni ya kweli. Picha ilikaa mpaka jua likaila rangi. Darasa lilihamia ghorofa ya chini, kwenye chumba kikubwa zaidi, kwa sababu watu hawakutosha juu.

Mimi nilirudia mtihani mwaka uliofuata, nikapita kwa kubahatisha maswali machache kuliko mara ya kwanza. Shangazi sasa yuko mwaka wa pili wa chuo na anakidharau kwa utulivu. Anasema wahadhiri wengi ni waungwana, wamesoma, na huweka ukutani michoro yenye visanduku na mishale, naye akiona mshale anatafuta mlango. Nilipomwambia nimepata nafasi, alinipa mkono, akaniuliza ninakwenda kutafuta nini huko. Nikaanza kumjibu, nikasikia ninavyoongeza, nikanyamaza. Akanimiminia chai. Masomo yangu yanaanza Jumatatu.